Msaada wa Usafiri na Mayai ya Maame Afrakoma

Hapa Kumasi hakuna kazi ambayo Bediako hajaifanya, ilimradi isiwe kazi. Aliwahi kuuza dawa ya meno ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa dawa ya mende. Aliwahi kulipwa na wapiga debe akae ndani ya basi tupu, begi mapajani, ajifanye abiria, ili abiria wa kweli waone basi linakaribia kujaa na walikimbilie. Likishajaa, yeye huteremka kimya kimya na kwenda kukalia jingine. Alisafiri hivyo miaka miwili bila kufika popote, lakini alijifunza jambo moja kubwa: mtu mwenye haraka haulizi maswali.

Basi asubuhi ya Alhamisi moja, ule msimu ambao shule za sekondari zinapokea watoto wapya, Bediako alikuwa ameegemea nguzo katika kituo cha magari ya kaskazini, akimsaidia mwenzake kumaliza mkate. Akasikia kelele. Maame Tiwaa, muuza vitambaa mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa ameshikana mashati na dereva wa basi.

"Sanduku linalipa kiti, mama," dereva alisema. "Linakaa, linalipa."

"Sanduku lina makalio?"

"Lako linayo. Liangalie lilivyojaa."

Na hapa ndugu yangu usidhani tunazungumzia sanduku la hivi hivi. Mtoto wa bweni anakwenda na godoro, ndoo, sanduku la bati la nguo, na juu ya yote lile sanduku la mbao la chakula, lenye kufuli. Humo mna chenga za muhogo zilizokaangwa, mna shito, ile pilipili nyeusi inayomfanya mtoto akumbuke kwao, mna samaki wa kopo, maziwa, sukari na biskuti za kuwahonga wakubwa zake wasimtume sana. Mama anaweza kulala njaa mwezi mzima, lakini sanduku la mtoto halitaondoka Kumasi likiwa jepesi.

Bediako alitazama kituo kizima. Kina mama walikuwa wamejipanga na mabinti zao, wote wa shule moja ya wasichana huko Tamale, wamevaa sare mpya zenye mikunjo ya dukani, na masanduku yamerundikana kila upande. Wengine waliona mizigo. Yeye aliona duka zuri la vyakula ambalo mwenyewe hayupo. Akameza kipande cha mwisho cha mkate na kwenda kumtafuta Asiedu.

Asiedu alikuwa na gari kuukuu la mizigo, refu, lililong'olewa viti. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, na mwoga wa kila kitu: askari, bundi, mama mkwe. Alishiriki maovu ya Bediako kwa shingo upande, na kila Jumapili alitubu mapema ili nafasi isije ikajaa.

"Ndugu yangu Asiedu, gari lina mafuta?"

"Yanafika Techiman. Kurudi ni neema ya Mungu."

"Techiman inatosha. Leo ni siku ya soko kule. Tukifika na mzigo wa chenga, sukari na maziwa, tutagombewa."

"Mzigo wa nani?"

"Wa serikali," Bediako akasema, akainua macho juu kwa heshima. "Wewe endesha tu."

Akaazima kizibao cha kijani chenye mistari inayong'aa kutoka kwa mfagiaji mmoja. Shingoni akavaa kitambulisho cha marehemu mjomba wake, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao, akakigeuza upande wa nyuma. Kisha akapanda juu ya tairi bovu na kupiga makofi.

"Mama zangu! Baba zangu mliobaki nyumbani! Kuanzia mwaka huu hakuna kutesana na madereva. Kuna Msaada wa Usafiri kwa Wanafunzi Wapya wa Sekondari. Mizigo inatangulia leo kwa gari lile pale. Watoto wanafuata kesho alfajiri kwa basi la viti laini na kiyoyozi cha kuwatetemesha meno. Na yote hayo ni bure!"

Ukilitamka neno bure katika kituo chetu, hata kiziwi anageuka. Maame Tiwaa akamwachia dereva shati.

"Bure kweli, afisa? Au ni ile bure ya 'mama, toa kidogo ya chai'?"

"Mama yangu, chai nimekunywa nyumbani."

Kina mama wakatazamana. Afisa asiyeomba chai! Hapo ndipo walipotakiwa kukimbia na masanduku yao kichwani, lakini badala yake walimsogelea.

"Na uzito je?" mmoja akauliza.

"Hakuna kupima. Jazeni mpaka kifuniko kilalamike."

Loo! Ungewaona! Waliingia sokoni kama wanaokimbia mvua. Wakarudi na maziwa zaidi, sukari zaidi, karanga, sabuni. Maame Tiwaa aliongeza godoro la pili, akasema mwanawe hulala kwa fujo. Tamaa ni ugonjwa wa watu wote, siku hiyo Bediako peke yake ndiye aliyeutolea cheti.

Mmoja hakukimbia. Alikuwa Maame Afrakoma, mwanamke mwembamba anayeuza mayai kwenye kibanda pembeni mwa kituo. Alimvuta Bediako kando, na bintiye Birago akasimama nyuma yake, kichwa kimenyolewa jana yake kwa ajili ya shule, macho makubwa.

"Mwanangu afisa, nisikilize taratibu. Huyu Birago ndiye wa kwanza kwetu kuchaguliwa sekondari, na wamempanga huko Tamale kama hawa wengine. Mwisho wa kuripoti ni kesho jioni. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Nauli yake ninayo hapa, nimeikusanya yai kwa yai. Kama msaada wako ni wa kweli, nauli hii naigeuza chakula, maana huko kaskazini mtoto hana hata shangazi. Na kama si wa kweli, niambie sasa hivi. Sitakuchukia."

Kitu kilimchoma Bediako chini ya mbavu. Akadhani ni njaa.

"Mama," akasema, "geuza."

Akageuza.

Kabla ya saa nne gari lilikuwa limejaa hadi paani. Kina mama wakalizunguka na kuliombea, maana sisi hatuachi gari liondoke bila maombi. Maame Tiwaa ndiye aliyeongoza: "Ee Bwana, yeyote atakayeyagusa masanduku haya kwa nia mbaya, usitume malaika. Mshughulikie wewe mwenyewe!" Asiedu akaitikia amina kwa moyo wake wote, kisha akakumbuka anayeombewa ni nani.

Hatia ilimtia Asiedu njaa. Walipofika Offinso alisimamisha gari akala maharage yenye mafuta mekundu na ndizi za kukaanga, sahani mbili, akashushia maji baridi. Wakaendelea. Mbele kidogo ya Nkenkaasu, kando ya kibanda cha fundi matairi kilichofungwa, Bediako akamwambia asimame tena.

"Mfanyabiashara hauzi asichokijua," alisema. "Tukague mali."

Akachagua sanduku lililomchosha zaidi wakati wa kupakia. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: Birago. Akatoa msumari mfukoni, akalibembeleza kufuli kidogo, likaachia. Akainua kifuniko huku akipiga mluzi, na mluzi ukakatika.

Juu ya chenga nyeupe za muhogo yalichungulia mayai matatu mabichi, yamezama nusu. Kando yake ililala chupa ya pembe nne ya kijani, chupa ya jini, ile ambayo wazee wote wanaijua.

Sasa wewe uliye mbali unaweza kusema: mayai na chupa, ndiyo nini? Kwetu, mtu aliyeibiwa hahangaiki na wakili. Anachukua mayai na jini, anakwenda mtoni, ule mto ambao sitautaja hapa kwa sababu nina watoto. Anavunja yai, anamwaga jini, anamtaja mwizi. Kazi iliyobaki ni ya mto. Na kila mtoto wa Kumasi anajua kwamba mto huanzia tumboni: tumbo linavimba, linanguruma, halafu watu wanaanza kuuliza utazikwa wapi.

Asiedu aliyaangalia mayai. Kisha, taratibu sana, akateremsha macho kwenye tumbo lake. Tumbo lilikuwa limetuna hadi kifungo cha shati kimekata tamaa. Likanguruma kwa muda mrefu.

"Bediako," alisema kwa sauti ndogo. "Linaongea."

"Ni maharage."

"Maharage nimekula tangu nazaliwa. Hayajawahi kuniita kwa jina."

Bediako alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Alikuwa mjanja, lakini alizaliwa na mama wa Kumasi kama sisi wote. "Subiri, tufikiri kama watu wazima. Mayai hayajavunjwa. Umeona? Mazima kabisa. Maana yake laana haijaanza kazi. Yule mama ametega tu."

"Ametega nini?"

"Ametega mto! Tukiuza mali, yanapasuka. Yakipasuka..." Hakumaliza.

"Tuyazike hapa hapa tukimbie!"

"Unazika laana? Ni mbegu hiyo? Ikiota je?"

Wakatazamana. Aliyefunga ndiye anayefungua, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Asiedu akageuza gari bila kuulizwa.

Barabara ile ina mashimo ya kutosha kufugia samaki. Bediako akalipakata sanduku la Birago kama mtoto mchanga, mikono miwili juu ya mayai, huku Asiedu akiendesha kwa mkono mmoja na kushika tumbo kwa mwingine.

"Taratibu, wewe! Shimo!"

"Nikienda taratibu nitafia njiani!"

"Ukienda mbio tutakufa wote wawili! Shimo jingine! Mungu wangu!"

Walirudi Kumasi jua likiwa limepita utosini. Maame Afrakoma alikuwa kibandani kwake anafuta mayai kwa kitambaa, Birago ameketi pembeni juu ya kigoda anasoma. Bediako akaja na sanduku wazi kifuani, akapiga magoti katikati ya njia, mbele ya wanunuzi.

"Maame, nimekosa. Nakuomba kwa jina la mama yangu, fungua."

Maame Afrakoma alitazama magoti yake. Akatazama lile gari, na Asiedu aliyejiinamia kwenye usukani. Akatazama sanduku, na mayai yaliyochungulia ndani yake. Akachukua yai jingine, akaanza kulifuta.

"Nani alikuambia ufungue?" akauliza kwa upole.

Basi hapo Bediako alimwagika. Alisema kila kitu: kizibao si chake, kitambulisho ni cha marehemu, basi la kesho halipo na halikuwahi kuwapo, masanduku yalikuwa yanakwenda kuuzwa Techiman. Alisema na ya dawa ya meno, ambayo hakuna aliyeuliza. Kina mama wakaanza kukusanyika. Maame Tiwaa alipoelewa, alivua kiatu.

"Niachieni mimi! Mwanangu alikuwa akose shule kwa ajili ya huyu panya?"

"Usimguse, dada," Maame Afrakoma alisema, bado anafuta yai lake. "Huyu si wetu tena."

Kiatu kikabaki hewani. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Si wenu... ni wa nani?" Bediako aliuliza.

Maame akaligeuza yai lake kwenye mwanga. "Tumbo limeshaanza?"

"La dereva tu, Maame."

"Ndiyo kawaida. Huanza na dereva." Akaweka yai kwenye trei, akachukua jingine. "Sasa sikia, mwanangu. Jambo hili halifunguliwi hapa. Sanduku na mwenye sanduku lazima wafike pamoja. Mtoto akishaingia bwenini na sanduku lake, jambo lenyewe linafunguka. Na si huyu wangu tu. Watoto wote uliowadanganya."

"Wote?"

"Na mama zao. Nani atawasindikiza?"

"Lakini Maame, mafuta ya kufika Tamale..."

"Una saa nzuri mkononi," alisema Maame Afrakoma. "Mafundi wa hapo nyuma wanapenda saa."

Saa ikaenda, mafuta yakaja. Ikaenda na simu ya Bediako, ukaja mkate wa watoto. Kisha Maame Afrakoma akaongeza sharti moja zaidi, kama mtu aliyekumbuka chumvi: masanduku yote yabebwe kwa kichwa chake Bediako, si kwa toroli wala kwa kuli, kuanzia lango la shule hadi mlango wa bweni.

"Lazima kwa kichwa?"

"Ulitumia nini kupanga?"

Watoto walipanda juu ya magodoro, mama zao juu ya masanduku, wakaimba nyimbo za kanisa hadi mipakani mwa mji. Bediako alikaa mbele na sanduku la Birago mapajani. Kila shimo lilimtoa roho na kumrudishia. Kwenye kizuizi cha Techiman askari alipiga tochi ndani ya gari, akaona nyuso, ndoo na magodoro.

"Hii ni nini?"

"Msaada wa usafiri, afande," Bediako alisema. "Wanafunzi wapya wa sekondari. Bure."

"Vizuri sana! Vijana kama nyinyi ni wachache. Piteni!"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia askari ukweli. Hakuweza hata kumfurahia yule askari.

Walilala Kintampo ndani ya gari, wakavuka mto pale Buipe asubuhi, na hewa ikaanza kukauka. Asiedu alikuwa hajala tena, aliogopa kuuchokoza mto. Birago alikaa nyuma ya kiti cha Bediako. Wakati mmoja aliinama akamwuliza taratibu:

"Kaka, ni kweli leo tungekaa kutwa tukisubiri basi?"

Bediako akatazama barabara. Angeweza kujibu mambo saba tofauti, yote mazuri. "Ndiyo," akasema.

"Na mimi ningekaa mpaka jioni," Birago alisema. "Mimi najua kusubiri." Hakusema kwa ubaya. Bediako alitamani angesema kwa ubaya.

Walifika Ijumaa mchana. Langoni kulikuwa na wazazi kutoka kila pembe ya nchi, vumbi, na matroni wa shule, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa anakagua masanduku mlangoni mwa bweni la wasichana. Bediako akaanza kubeba. Alianza na la mtoto wa Maame Tiwaa, na magodoro yake mawili. Njia ilikuwa ndefu na ya kupanda. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, kizibao kimelowa, shingo imezama mabegani. Kina mama walitembea nyuma yake wakimsifu. "Twende, afisa! Hakuna kupima!"

La mwisho lilikuwa la Birago. Alilibeba kama anabeba mfalme, hatua kwa hatua, akaliweka mlangoni bila sauti. Mayai yalikuwa mazima. Karibu alie.

Matroni akainua kifuniko. Akashika kiuno.

"Mayai tena!" akafoka. "Kila mwaka mama wa Kumasi ni hivi hivi! Mnayafukia kwenye chenga ili yasivunjike njiani, halafu yananiozea stoo. Nani hapa atampikia mtoto wako mayai?"

"Samahani, matroni," alisema Maame Afrakoma. "Mimi nauza mayai. Nilisikia usafiri ni bure, nikasema aondoke na ya kwetu."

"Na hii? Pombe?" Matroni akaibua ile chupa ya kijani, akaizibua, akainusa. Akamwaga kidogo kiganjani. Yalikuwa mafuta mazito ya kahawia.

"Ya mise, zile kokwa za mchikichi, ya kujipaka. Wameniambia upepo wa huku unapasua ngozi. Sikuwa na chupa nyingine."

"Hayo sawa. Mayai rudi nayo." Matroni akafukua akatoa yale matatu, kisha mengine tisa yaliyokuwa chini yake, akaandika jina la Birago, akampa namba ya kitanda. "Ingia, binti. Karibu."

Birago akamkumbatia mama yake haraka, kama mtu anayeogopa kubadilishiwa nafasi, akaingia. Maame Afrakoma alisimama akiuangalia mlango ule. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta, alikuwa na furaha kupita kiasi na hakumficha mtu.

Bediako alikuwa bado ameinama na mikono magotini.

"Maame," alisema. "Yalikuwa mayai."

"Ulidhani nini, mawe?"

"Hukwenda mtoni?"

"Nina muda wa kwenda mtoni mimi? Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda changu. Wewe ndiye uliyekuja umepiga magoti, unaniambia nifungue. Mwanzoni sikujua hata unataka nifungue nini." Akamgeukia, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Nauli ya mwanangu niliigeuza kwa neno lako, mbele ya macho yako. Ungeuza sanduku lile, leo Birago angekuwa pale kibandani anafuta mayai pamoja nami, na angefuta mpaka azeeke. Kwa hiyo usingoje nikuombe radhi kwa yale magoti. Sitakuomba."

Bediako akaikanda shingo yake iliyozama mabegani. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, ila hawakusema kwamba mwerevu atapandishwa mlima na magodoro.

Asiedu akatokea upande wa vyoo vya shule, mwepesi, uso unang'aa. "Limeshuka!" alitangaza. "Mtoto alipokanyaga bwenini tu, nikasikia linaachia! Mungu ni mwema!"

"Asiedu, ni maharage," alisema Bediako. "Hakukuwa na kitu. Muulize mwenyewe."

Asiedu akamtazama Maame Afrakoma. Maame akampangusia vumbi begani, akaenda kupanda garini kwenye kiti cha mbele. Kina mama wengine walishapanda. Walikuwa wameshapatana na Asiedu, kwa malipo halali, awarudishe Kumasi na aje awachukue watoto wakati wa likizo.

Bediako akashika mlango. "Nisogezee nafasi, ndugu yangu."

"Hapana," Asiedu alisema kwa huzuni ya kweli. "Maame alisema mwenyewe wewe si wetu tena. Mimi mtu wa mto simpakii. Nina familia."

"Nimekuambia hakuna mto!"

"Hivyo ndivyo mtu wa mto angesema."

Gari likaondoka. Leo hii Asiedu anatoa ushuhuda wa tumbo lake kanisani kila robo ya mwaka, na kila mara tumbo linakuwa kubwa zaidi.

Bediako alibaki langoni, hana saa, hana simu, hana hata nauli ya kufika mjini Tamale. Alikuwa anavua kile kizibao ndipo mzee mmoja aliyetoka mbali, amevaa joho la mistari, akamgusa bega. Nyuma yake walisimama wazazi wengine wengi na mizigo yao.

"Wewe ndiye yule wa msaada wa usafiri? Mama mmoja wa Kumasi, mwembamba hivi, ametuambia tukutafute. Amesema unabeba mpaka bwenini, kwa kichwa chako mwenyewe, na hupokei hata chai."

Bediako alitazama njia ile ndefu ya kupanda. Akamtazama binti wa mzee, aliyejificha nyuma ya joho la baba yake na kushika ufunguo wa sanduku lake kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na matroni hakuwa mtu wa kusubiri.

Akainamisha shingo, wakamtwika. Lilikuwa sanduku zito kweli kweli, la mtu aliyempenda sana mtoto wake.